Pango Lililotoka Nje ya Mlima

Watu wa kilima chetu hupanda mikaratusi kama wengine wanavyopanda mahindi. Mti ni mbao, mbao ni nyumba Butembo, kwa hiyo kila ukoo ulipanda mpaka pale ambapo jembe lilishindwa kusimama. Chemchemi yetu nayo ilizungushiwa miti ili ijulikane ni ya nani. Utoto wangu wote mikaratusi ile ilikunywa polepole, bila kelele, na mwaka mmoja wa vita chemchemi ikakauka, pakabaki tope na vyura. Tulijikausha wenyewe. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani kila ubaya wa miaka ile uliletwa na wenye bunduki.

Wenye bunduki walikuwa chini, darajani. Kilima chetu kiko kusini ya Butembo, upande wa Lubero, kwenye baridi ya viazi na maharage, na chini yake unapita mto. Chemchemi ilipokufa, mto huo ndio uliokuwa maji yetu pekee, na waasi walioishika nchi wakati ule walikuwa wameweka barieri yao, kizuizi cha njia, pale pale tunapotekea. Mwanzoni walitaka viazi. Baadaye wakataka wanawake wawabebee maji hadi kambini, nyuma ya mianzi.

Dada yangu mkubwa alipelekwa huko asubuhi moja. Alirudi mchana bila bidoni yake ya maji, bila kitambaa cha kichwa. Tangu hapo hakuvuka ua wa nyumba. Huyu ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo kanisani, ndiye aliyegombana na wauza chumvi hadi wakampunguzia bei ili aondoke tu. Sasa alikaa jikoni akichambua maharage ambayo mama alikwisha kuyachambua. Mimi nilishikwa na hasira. Nilikuwa naamka nayo, nakula nayo, na sikujua nimpige nani.

Baba alikata shauri wakati wa chakula.

“Tukimaliza kuvuna maharage, tunashuka Butembo,” alisema. “Kule Mususa iko robinet.”

Niliijua Mususa, mtaa wa Butembo. Nilikuwa nimepanga huko nikisomea jiografia, kabla vita havijafunga masomo na kunirudisha nyumbani, na ile robinet, bomba la mtaa mzima, niliijua pia: ilikohoa zaidi kuliko ilivyotoa maji. Nikaiona familia yetu imebanwa katika chumba cha mlango mmoja, dada amegeukia ukuta, na huku nyuma mashamba ya babu yana mwenyewe mwingine. Nikamjibu baba kwamba mimi sihami. Mama akaniambia ninyamaze nile.

Aliyenipa njia ni mukaka, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinande. Alikuwa kipofu, amejikunja karibu na moto, na alikuwa na tabia ya kusema jambo kubwa kana kwamba anaomba chumvi.

“Mulima ule iko na mayi ndani ya tumbo,” alisema. “Tulikuwa tunaisikia, siye batoto ba kuchunga mbuzi. Kule juu, kwa yale mapango.”

Juu ya nyumba zetu mgongo wa mlima una mawe meupe magumu, na katika mawe hayo kuna mapango madogo, mengine yanamtosha mbuzi tu. Hakuna aliyeyaingia. Wakatoliki wa kilima walisema ni ya wazee wa zamani, Waprotestanti wakasema ni ya mashetani, na kwa jambo hilo moja makanisa yote mawili yalipatana vizuri sana. Mimi nikasema ni ya maji, na kesho yake nikapanda.

Nilimchukua baba mdogo, ndugu yake baba. Alikuwa mpasuaji mbao katika misitu ya Mbau, kule ng’ambo ya Beni, hadi vita vikamrudisha na msumeno wake, kidumu cha mafuta ya mawese, na kamba ndefu nzuri ambayo hakutaka kumwazima mtu. Kwa hiyo ilinibidi nimwazime na yeye mwenyewe. Alikuwa ameua nyoka kwa kandambili. Alikuwa amemkatalia mwanajeshi mbuzi wake, na mbuzi akabaki. Kitu kimoja tu kilimtoa roho, popo, na hilo hakuniambia mpaka tulipokuwa ndani.

Pango la kwanza lilikwisha kabla hatujakunja goti. La pili tulitambaa hadi likawa tundu la mkono, nikaingiza mkono, nikatoa mifupa ya panya. Baba mdogo akasema mali imepatikana, twende nyumbani. Nilimsukuma kwenye la tatu. Mdomo wake ulikuwa chini ya jiwe, umezibwa na magugu, na tulipopita kwa tumbo mahali pakafunguka tukaweza kusimama. Sakafu ilishuka, ikapanda, ikashuka tena, imejaa mabonde kama shamba lililolimwa na mlevi. Tochi yangu ilikuwa inakufa. Tukazima, tukakaa kimya gizani, na nikayasikia.

Nilikimbia nikijigonga kichwa. Kule mwisho, maji yalitoka katika ufa wa jiwe, yakajaza birika la mawe, yakazamia sakafuni kwenye mwanya usioingia hata kidole. Nilikunywa hadi meno yakauma. Nikacheka, nikapiga kelele, na popo wote wa mlima wakaamka. Baba mdogo alitoka nje akiwa mmoja wao. Nilimkuta kwenye majani amevua koti, anakung’uta suruali na kumwomba Bikira Maria msamaha wa dhambi ambazo sikuzitegemea.

Sasa kupata maji ndani ya jiwe si kuyapata. Mama yangu hangeweza kutambaa kwa tumbo na bidoni. Lakini pango lilielekea ubavu wa mlima ulio juu ya nyumba zetu, na mimi nikawaza: kama mwisho wake uko karibu na ngozi ya mlima, tunaweza kutoboa kutoka nje. Ilibidi nijue birika liko wapi chini ya ardhi, na je, liko juu ya nyumba zetu au chini. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaenda parokiani kwa padri, nikaazima dira. Nikashuka Butembo kwa mafundi wa kujenga, nikaazima ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ambao wao hulinganishia kuta. Kamba ya baba mdogo nikaifunga mafundo, kila mita fundo.

Tukarudi ndani tukapima. Baba mdogo alijifunga shuka kichwani kama mwanamke aliyejifungua juzi, akashika ncha ya kamba na kuilaza mbele yetu, mimi nikasoma dira. Mpira wa mafundi ukanipa habari njema: birika lilikuwa juu ya mapaa yetu yote. Kisha nikapima nje pia, kutoka mdomo wa pango kufuata njia ya juu ya mgongo, ambayo ni tambarare, hadi pale mlima unapoanguka. Nikachora yote kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kwa kalamu na rula, kazi safi. Jumapili baada ya misa nikaitandika kwenye nyasi mbele ya watu wote.

Kabla sijafungua mdomo niliona. Mstari wa pango ulikwenda, ukavuka ubavu wa mlima, ukatoka nje. Birika langu lilikuwa linaning’inia hewani juu ya shamba la maharage la shangazi.

“Eh, pango imechoka na giza,” alisema katekista. “Imetoka kuota jua.”

“Donc basi tutafute ngazi,” akasema mwingine, “tuteke mayi na kule angani.”

Walicheka hadi wakashikana mabega. Hata Waprotestanti waliokuwa wanapita kutoka kanisani kwao walisimama kucheka. Baba hakucheka. Alitazama shamba letu upande wa pili, ambako majani ya maharage yalikuwa yameanza kugeuka manjano, na nikajua anahesabu siku za kuhama. Niliikunja karatasi yangu nikaondoka. Nililia njiani, na si kwa huzuni: nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimekunywa yale maji na nilijua yapo.

Nilikaa siku kadhaa nikikagua dira, nikikagua hesabu, nikimshuku padri kwamba dira yake ni mbovu. Kisha shangazi akamkodishia jirani kipande cha shamba, na baba mdogo akaitwa kukipima kwa sababu kamba ilikuwa yake. Mimi nilikaa kando nikinung’unika. Jirani alishika ncha moja, baba mdogo akaenda akiilaza kamba kama sisi sote tunavyopima tangu mababu: inateremka kwenye mfereji, inapanda tuta, inazunguka kichuguu, inafuata ardhi kila inapokwenda. Nchi yetu yote ni miteremko. Jembe halilimi hewa, linalima udongo, na udongo unaokwenda chini na juu ni udongo ule ule unaolipiwa. Hakuna mtu wa kwetu atakayevuta kamba juu ya mfereji. Atajiona mwizi.

Nilisimama. Nadhani nilipiga ukelele, maana shangazi alidhani siafu wameniingia.

“Kamba imelala!” nikasema. “Baba mudogo, mule pangoni kamba ililala!”

“Mais lakini ilikuwa ilale wapi?” akauliza. “Juu ya mawingu?”

“Ndiyo! Juu ya mawingu! Ilikuwa inyooke!”

Mimi niliyesoma, na yeye aliyepasua mbao za nusu ya Beni, tulikuwa tumeingia ndani ya mlima tukalipima pango kama watu wanaokodisha shamba la viazi. Kila bonde la sakafu tulilihesabu kushuka na kupanda. Mtu wa nchi tambarare asingeweza kukosea hivyo hata angejaribu. Nilimkumbatia baba mdogo mbele ya jirani, na jirani akarudi nyuma kwa heshima.

Lakini kuingia tena alikataa. Alisema mashamba atapima, makaburi atapima, ila wale wanyama wenye mikono ya mwavuli hapana. Na kazi ile ilitaka watu wawili, wa kuvuta kamba hewani hadi inyooke, mmoja huku na mmoja kule.

Nikaenda jikoni. Dada alikuwa amekaa na ungo wake. Nilimweleza yote, kamba, birika, shamba la shangazi, nikijua kwamba ninamwomba mtu asiyevuka ua apande mlima na kuingia shimoni. Aliendelea kuchambua. Kisha akaweka ungo chini.

“Njia ya kule juu haipite kwa daraja?”

“Haipite, yaya,” nikamjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa. “Ni kupanda tu.”

“Basi twende asubui, mbele batu hawajaamuka.”

Tulipanda kukiwa na ukungu. Alijifunika kitenge hadi puani na alikuwa akigeuka kila jani lilipotikisika. Kwenye mdomo wa pango nilitaka nitangulie, akanivuta mguu, akapita yeye. Ndani alishika ncha ya kamba, nami nikaenda hatua kwa hatua, tukivuta, nikiteremsha kijiwe kwenye uzi ili nijue kamba iko juu ya mahali gani hasa. Mabonde yote tuliyavuka hewani. Katikati ya pango nilimsikia akivuma kwa pua, kisha akafungua sauti kidogo, wimbo wa kuingilia misa, ule wa kwake. Sauti yake ilizunguka ukutani ikarudi kubwa kuliko ilivyokwenda. Popo hata mmoja hakusogea.

“Mudogo wangu,” alisema, “humu ndani hapana mutu anaweza kunifikia kwa mugongo.”

Machozi yalikuwa yananichuruzika na sikutaka ayasikie.

“Vuta,” akasema. “Kamba yako imelegea.”

Safari hii mchoro haukutoka nje. Birika lilikaa ndani ya mlima, nyuma tu ya kichwa cha shamba la shangazi, karibu kiasi kwamba nilihisi kama ningegonga lingeitika. Nilikwenda kuchomeka kijiti pale, na hapo vikaanza vita vingine, kwa sababu maharage ya shangazi yalikuwa bado mabichi na kijiti changu kilisimama kwenye safu zake za juu.

“Mayi isipotoka,” aliniambia, “hii mulima utaikula weye, na majiwe yake.”

“Nitaikula, shangazi.”

“Na chumvi hapana.”

Akakubali. Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo baba alitangaza salongo, kazi ya wote, ingawa alitangaza kwa uso wa mtu anayezika. Wakatoliki walikuja na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, Waprotestanti wakaja na nyimbo, na baada ya muda ilikuwa vigumu kujua nani amekunywa na nani ameimba. Tulichimba udongo mweusi, tukaingia mwekundu, tukafika kwenye mawe meupe yaliyovunjika-vunjika. Shimo likawa handaki linalomeza mtu. Jua lilipokaribia mlima wa pili, mtindo wa utani ulibadilika. Katekista aliuliza tena habari za ngazi. Wawili waliokota majembe yao wakaenda kukamua mbuzi, ingawa kwetu hakuna anayekamua mbuzi. Baba alikaa kwenye tuta, kofia magotini.

Nilimtafuta dada sikumwona. Nilikuwa nakaribia kumwita kwa kelele, na hapo baba mdogo, aliyekuwa ndani ya handaki, akainua mkono.

“Munyamaze! Kuko mutu anagonga!”

Watu walinyamaza. Niliingia nikaweka sikio kwenye jiwe. Ko, ko, ko. Dada alikuwa amepanda peke yake, mchana kweupe, akaingia pangoni peke yake, na sasa alikuwa anagonga ukuta wa birika kwa jiwe ili atuambie yuko wapi. Nayo sauti haikuwa mbele yetu. Ilikuwa kushoto, chini kidogo. Wachimbaji walikuwa wamelikwepa jiwe moja kubwa na handaki likapinda. Kijiti changu kilikuwa sawa!

“Kushoto!” nililia. “Kushoto, na chini ya pale!”

Tulimgongea kumjibu, kisha tukangoja hadi dada atoke, kwa sababu hatukutaka maji yamkute humo. Alitokea juu ya mgongo wa mlima, mdogo, akapunga kitenge. Baba mwenyewe alivua koti akachukua sururu. Alipiga, akapiga, jiwe likatoa mlio wa chungu kilichopasuka, na kwenye ufa pakaonekana unyevu. Akapiga tena. Kwanza lilitoka tope. Kisha maji ya rangi ya chai. Kisha yakaja yote kwa pamoja, yakamsukuma baba akaketi chini, yakapita kati ya miguu yake, yakateremka ndani ya maharage ya shangazi.

“Maharage yangu!” alilia shangazi, akiwa anacheza.

Nilishinda. Sijui kulisema kwa unyenyekevu na sijaribu. Nililowa, nilipiga vigelegele, nilimwambia katekista alete ngazi yake sasa. Waprotestanti walianza zaburi, Wakatoliki wakaipokea bila kujua maneno. Baba alibaki ameketi majini, anacheka kama mtoto. Alipoweza kusema alisema neno moja la Kinande, wasingya, asante, na sijui kama alikuwa ananiambia mimi au mlima. Kuhusu Mususa hakuzungumza tena, wala jioni ile wala baada ya mavuno.

Tulipasua mianzi, tukaiunganisha mmoja kwa mwingine, maji yakafika hadi uwanja wa nyumba zetu. Wanawake walipanga bidoni zao kwa mstari, na mtoni hakuenda mtu. Dada alikuwa akija kama wengine, kwanza amejifunika, baadaye kichwa wazi.

Darajani walishangaa njia imekuwa tupu. Siku moja mwanajeshi mmoja akapanda, bunduki begani, bidoni mkononi. Alikuwa kijana, amechoka na mlima, na hakumtazama mtu. Alipita kando ya mstari wote, akafika mbele, akaweka bidoni yake chini ya mwanzi, akiisogeza ile iliyokuwapo kwa kiatu. Ile iliyokuwapo ilikuwa ya dada.

Dada aliinama, akaitoa bidoni ya mwanajeshi, akairudisha ya kwake.

“Mustari inaanzia kule nyuma,” alisema.

“Mama, hauone miye ni soda, mutu wa bunduki?”

“Ninaona. Lakini mayi hii tuliitafuta siye wenyewe, ndani ya jiwe. Hapa hakuna mutu alikuita. Nyuma.”

Nilikuwa na jembe mkononi na nilikuwa nimelishika vibaya, kama rungu. Shangazi alisimama. Kisha mama. Kisha mstari mzima wa wanawake ulisimama, na waliokuwa mashambani juu yetu nao wakanyoosha migongo. Mwanajeshi aliangalia huku na huku. Akaokota bidoni yake, akatembea hadi mwisho wa mstari, nyuma ya bibi mmoja mwenye sufuria, akangoja.

Sikumwuliza dada kama kijana yule alikuwa mmoja wa wale wa nyuma ya mianzi. Bidoni yake ilijaa, akaifunga, akaitia mkanda wa paji la uso, akaibeba mgongoni kama tunavyobeba. Njia ya nyumbani ilipita pale pale mwisho wa mstari, nyembamba, kati ya mwanajeshi na ua. Dada aliifuata, akapita mbele yake, na hakuharakisha.